Nilipeleka Choroko Matangani, Mke Wangu Akabaki Kwao

Bi. Josephina mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi ndani ya stoo ya tajiri wangu hapa Mpanda mjini, na tafadhali nisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu ni mbaya, maana gazeti lako hutufikia kwa treni ya Tabora likiwa limechelewa siku tatu nne, na mimi sina siku nyingi za kusubiri, wazee wa upande wa mke wangu wamenipa wiki tano, na zikiisha wanasema nisimfuate tena.

Jina langu ni Ndaki, Msukuma, umri miaka thelathini na tisa, naishi Magamba, nina mke mmoja Nyanzala na watoto wanne, na ng'ombe arobaini na mmoja ambao anawachunga mdogo wangu, na tangu mwaka tisini na sita nimeajiriwa kutunza stoo ya Mzee Raishi, Muhindi anayeuza mabati, misumari, vitenge na chumvi. Watu wa hapa wanamwita Baniani kama wanavyowaita wote, lakini yeye si kama wote, yeye ni wa dini inayoitwa Ujaini, na dini hiyo ndiyo iliyonifikisha kwako.

Ilianza hivi. Wiki ya kwanza ya kazi nilitaka kumshukuru, nikajiuliza mtu asiyekula nyama wala samaki wala yai utampelekea nini, nikaona hakuna kingine ila asali, asali ndiyo fahari yetu watu wa huku, nikanunua kwa Wakonongo warina asali ndoo nzima ya ile nzito nyeusi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee Raishi alirudi nyuma hatua moja. "Ndaki, rudisha hiyo," akaniambia, "umewachoma wenyewe kwa moshi, umewanyang'anya chakula cha watoto wao, halafu unaniletea mimi nilambe." Nilicheka nikidhani anatania. Yeye hakucheka.

Basi akanikalisha dukani akanieleza kwamba kila chenye uhai kina roho, ng'ombe ana roho, sisimizi ana roho, mti una roho, hata kwenye maji na udongo kuna viumbe wasiohesabika, na roho ya sisimizi si ndogo kuliko yangu, imevaa mwili mdogo tu. Ukimdhuru kiumbe, tendo lile linaganda kwenye roho yako kama vumbi kwenye ngozi iliyopakwa mafuta, roho inakuwa nzito, inakufa na kuzaliwa tena na tena, leo mtu, kesho kenge, mpaka siku itakapotakata kabisa ndipo inapumzika. Waliowafundisha hayo ni viongozi ishirini na nne walioshinda hasira na tamaa, wa mwisho anaitwa Mahavira, aliishi zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, alizaliwa nyumba ya kitajiri akaondoka bila kitu. Ndiyo maana hawali viazi wala vitunguu, ukivichimba umeua mmea mzima na waliomo udongoni, wanakula kabla jua halijazama ili mdudu asiingie kwenye chakula gizani, maji wanayachuja kwa kitambaa, na watawa wao wanatembea peku, wengine wamefunga kitambaa mdomoni na wana ufagio wa kumsogeza mdudu njiani wasije wakamkanyaga.

Bi. Josephina, yaliniingia. Mimi nimekulia kwenye zizi, nalijua jicho la ng'ombe anapoona kisu, nimeliona tangu nina miaka saba na sikuwahi kumwambia mtu kwamba linanisumbua, maana Msukuma akisema hivyo atachekwa mpaka na wake zake. Mzee Raishi hakuniambia nibadili dini, alinipa chai nikaondoka. Nilibadili mwenyewe njiani juu ya baiskeli, na kufika Magamba nilikuwa tayari nimemaliza.

Nyumbani nikatangaza sheria. Viazi vitamu basi, michembe yake iliyokaushwa basi, mihogo basi, vitunguu basi. Dagaa wa Ikola nikawapiga marufuku kuliko vyote, maana nilipiga hesabu mwenyewe, sahani moja ya dagaa ina roho kama mia mbili. Nyanzala akanisikiliza, akaweka mwiko chini, akasema, "Basi chinja ng'ombe, Baba Suzana, huyo ni roho moja na tutakula wote na majirani." Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye roho yake bado ina vumbi.

Nikamwambia pia chakula cha jioni kiwe tayari kabla ya saa kumi na mbili, naye shamba lenyewe anatoka jua likizama, akaniuliza nani atapika, hao wadudu ninaowatetea? Ikabidi awe anaondoka shamba saa tisa, na palizi ikamshinda. Halafu wakaja dumuzi kwenye mahindi, wale tunaowaita Skania kwa jinsi wanavyomaliza gunia, yeye akanunua dawa ya unga, mimi nikaichukua nikaimwaga chooni, nikamwambia hatuui mtu humu ndani. Kufika Desemba mwaka jana, mvua zile za Elinino zimekata njia na bei zimepanda, magunia sita yetu yalikuwa unga tupu ambao hata kuku hawautaki.

Nakueleza kila kitu ili usiseme nimekuficha. Ng'ombe nawapeleka josho kama kawaida, kwa kupe sina huruma, kupe hana kazi yoyote duniani na ng'ombe ni mali. Asali nimeacha kabisa, isipokuwa wanzuki, maana asali ikishachachuka naona si asali tena, ni pombe.

Sasa mwezi wa pili mama mkwe wangu alifariki huko Kabungu. Alikuwa mama aliyenipenda, Suzana wangu wa mwisho ana jina lake. Kwetu siku ya kumaliza matanga mkwe mkubwa ndiye analeta dume, na mkwe mkubwa ni mimi. Nyanzala alitangulia, mimi nikafika siku yenyewe asubuhi na nusu gunia la choroko nyuma ya baiskeli. Baba mkwe, Mzee Kashinje, alinipokea vizuri, halafu akawa anachungulia barabara nyuma yangu. "Dume mmeliacha wapi, liko mbali?" akaniuliza. Nikamwambia, "Baba, hakuna dume. Mimi nimeacha kumwaga damu." Na kwa kuwa watu walinyamaza nikaona ndiyo nafasi, nikasimama nikawaeleza habari za roho na vumbi, nilieleza vizuri sana, hakuna aliyenikatiza. Nilipokaa, shemeji zangu wakaenda wakakamata mbuzi wawili wa marehemu mwenyewe.

Jioni nikamwambia Nyanzala twende. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, Suzana amemlalia, hakupiga kelele hata kidogo. "Nenda," akasema. "Mama yangu amemaliziwa matanga kama mtu asiyewahi kuozesha binti. Mimi siji."

Na jingine, maana najua utalisikia kwa watu: wiki mbili baadaye niliuza madume matatu kwa mchinjaji wa sokoni, nikanunua mabati ya kuezekea nyumba. Lakini sikuchinja, niliuza tu, alichofanya nao yule bwana ni shauri yake.

Kwa hiyo naomba uandike gazetini, kwa herufi kubwa, kwamba mke hana ruhusa ya kumwacha mume kwa sababu ya dini yake, maana nchi yetu inaruhusu kila mtu na dini yake, nami nitakata kipande hicho nimpelekee Mzee Kashinje. Au kama una njia nyingine niambie. Naogopa kurudi kwenye damu, ila naogopa zaidi nyumba yangu, mabati yapo, ndani hakuna mtu anayenisemesha, wale watoto wakubwa watatu wananijibu ndiyo na hapana tu. Nampenda Nyanzala. Sijawahi kuandika hivyo mahali popote.

Wako,
Ndaki
Magamba, Mpanda
Aprili 1998


BI. JOSEPHINA ANAJIBU

Ndaki,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu wakaacha kazi zao kuja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilipofika kwa yule mzee anayechungulia barabara akitafuta dume la kumalizia matanga ya mkewe, nilivua miwani nikaiweka mezani. Wewe uliona watu wamenyamaza ukadhani wanataka mahubiri! Walinyamaza kwa aibu, ndugu yangu, tena aibu ya kukuonea wewe.

Herufi kubwa hutapata. Sijaona mahali popote barua inasema Nyanzala amekukataza dini. Mwanamke ameacha viazi, ameacha dagaa, ameacha palizi, ametazama mahindi yake yakiliwa magunia sita, na bado alikuwa anakupikia kabla jua halijazama. Aliondoka siku ulipomwaibisha mama yake. Wengine tungeondoka kwenye dagaa.

Mimi ni Mkatoliki na kuhusu Wajaini nilikuwa sijui zaidi ya jina, na sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Kwa hiyo nilipanda ngazi kwa jirani yangu wa juu, Mama Kusum, mama wa miaka sabini aliyezaliwa katika dini hiyo, nikamsomea barua yako bila kutaja jina. Kwenye asali alitabasamu. Kwenye jicho la ng'ombe aliacha kukunja nguo akasema, "Huyo ameelewa." Nakufikishia hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo jambo zuri kuliko yote uliyoandika. Mwanamume aliyebeba uchungu wa mnyama moyoni zaidi ya miaka thelathini akiogopa kuchekwa, mimi simcheki. Kwenye madume matatu alifunika macho kwa mkono. Halafu akaniuliza, "Ana ng'ombe wangapi?" Nilipomtajia, akasema tu, "Aa."

Sikiliza alichonifundisha, maana inaonekana uliondoka kwa Mzee Raishi kabla chai haijaisha. Mjaini ana ahadi tano. Kutodhuru ni ya kwanza, hiyo umeisikia. Inafuata kusema kweli, kutochukua kisicho chako, uaminifu wa ndoa, na ya tano, Ndaki, kaa vizuri juu ya hilo gunia: kutojilimbikizia mali. Mahavira wako aliacha nyumba yake ya kitajiri. Wewe umeezeka.

Halafu, kwao anayechinja, anayemtuma mtu kuchinja na anayekubali kwa moyo kwamba kuchinjwe, wote vumbi linawashika sawasawa. Biashara ya kumuuza mnyama kwa mchinjaji Mjaini haigusi kabisa. Kwa hiyo msibani, palipokuwa na machozi, ulikuwa Mjaini kuliko Mzee Raishi, na sokoni, palipokuwa na mnunuzi, ulikuwa mfugaji wa kawaida. Hata kupe wamekujua. Mdudu anayekula mahindi ya Nyanzala ana roho, mdudu anayekula ng'ombe wa Ndaki hana kazi duniani. Dini hiyo haipo India wala Mpanda, umeianzisha wewe na muumini ni mmoja.

Na wanzuki ni asali, tena mbaya zaidi, maana kwa Wajaini pombe yenyewe imekatazwa, kule kuchachuka ni viumbe wengine wanaozaliwa na kufa ndani ya chungu. Ile dawa uliyoimwaga chooni sitaki hata kuijadili. Mama Kusum aliniuliza chooni kwenu ulidhani hakuishi mtu?

Lililomuudhi kuliko yote nitakuambia kwa maneno yake. "Kiapo chetu," alisema, "mtu anakiweka juu ya tumbo lake mwenyewe." Kila mwaka wana siku nane za kufunga, na kuna miaka yeye hunywa maji ya kuchemsha tu siku zote nane. Wajukuu zake hula, na anayewapikia ni yeye. Hajawahi kumwambia mtu mwingine ashinde njaa ili roho yake Mama Kusum itakate. Na kudhuru si kwa kisu peke yake. Neno linadhuru. Kumwambia mkeo kwamba roho yake ina vumbi, wakati ameinama jikoni macho yamejaa moshi kwa ajili yako, huko ni kumpiga mtu bila fimbo.

Wana fundisho jingine, kwamba hakuna mtu mmoja anayeliona jambo pande zote, kwa hiyo kila usemapo jambo ujue umesema upande wako. Mimi hapa nina upande wako tu, na hata kwa huo umeshindwa kesi. Fikiria ningepata barua ya Nyanzala.

Haya, sasa utafanya nini. Nyama usile, hilo nakuunga mkono, wala hakuna mzee wa Kabungu atakayekushika mdomo akulazimishe. Maji yachuje, kisha yachemshe, maana mvua hizi zimetuletea kipindupindu, na kwa kuwa Wajaini huchuja na kuchemsha, hapo Mzee Raishi amekupita wewe na jirani zako wote. Ukitaka kula kabla jua halijazama, ukitoka stoo kuni unazijua zilipo, washa moto mwenyewe. Mkeo atakula atakapotoka shamba, na kama kuna kiazi kwenye sahani yake, wewe tazama sahani yako. Mahindi ya mwaka huu yakaushe sana uyafunge kwenye pipa, kifuniko kisipitishe hata hewa. Mama Kusum ndivyo anavyohifadhi dengu zake: mdudu asiyeingia hakuna haja ya kumuua. Wanzuki, leo hii, mwisho.

Kuhusu dume la matanga. Kama kweli ni damu unayoiogopa, hakuna aliyekuambia utoe mnyama wa kuchinjwa. Zizini kwako chagua jike la maziwa, lenye ndama wake, si lile kongwe ulilolifikiria sasa hivi uliposoma neno jike. Chagua lile ambalo mdogo wako atakuuliza kama umerukwa na akili. Lipeleke Kabungu kwa mguu, mchana, watu waone, umkabidhi Mzee Kashinje ukimwambia ni la jina la marehemu, lisichinjwe, wajukuu zake wanywe maziwa. Hapo hutakuwa umemwaga tone la damu. Kitakachokuuma ni mkono wa kutoa tu, na nimeanza kushuku kwamba tangu mwanzo kilichokuwa kinauma ni hicho.

Lakini ng'ombe si msamaha, usije ukamkabidhi kamba ukadhani umemaliza. Hapa nakuachia jambo ambalo Mzee Raishi bila shaka hulifanya kila mwaka na wewe hukuwahi kumuuliza. Wajaini hawaamini kwamba kuna Mungu muumba aliyekaa juu wa kuwafutia makosa. Sisi wengine tuna padri au tuna toba, tunapiga magoti tunaondoka wepesi, na tuliyemuumiza bado amekaa kwake na maumivu yake. Wao njia hiyo hawana. Ile siku ya mwisho ya mfungo kila mmoja anawaendea watu, mume kwa mke, tajiri kwa mfanyakazi wake, mama kwa mtoto, anasema: kama nimekuumiza, kwa kujua au kwa kutojua, kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, naomba unisamehe. Mama Kusum alinisemea maneno hayo pale mlangoni nikiwa naondoka, kwa ajili ya redio yake anayoifungulia sauti asubuhi, na mimi mtu mzima nikakosa pa kutazama.

Utamwambia hivyo Nyanzala, mbele ya baba yake na shemeji zako wote waliokusikiliza ukihubiri. Neno "lakini" lisisikike. Usieleze habari za roho. Usitaje mabati. Ukimaliza, kaa chini kwenye vumbi lile lile walikokaa waombolezaji, unyamaze, hata kama atachukua siku nzima kukujibu. Akisema anarudi, usimbebee mzigo ukakimbilia barabarani kama mtu aliyeshinda shauri, ngoja aage wazee wake kwa muda wake. Na akisema harudi, mshukuru kwa miaka aliyokuvumilia, mwamkie baba yake, ondoka, na usimseme vibaya kwa mtu yeyote, si Magamba wala hapa kwangu. Siku hiyo utakuwa umepata kila sababu ya kumuumiza na hukumuumiza. Hapo, Ndaki, ndipo nitakapokubali kukuita Mjaini.

Josephina